Jicho la Hita

Hita ilizimika tena.

Mboje alijivuta kwenye mkeka, akabonyeza kitufe kwa kidole gumba. Moto wa bluu ukashika, ukasimama kidogo kama mgeni asiyetaka kukaribishwa kiti, kisha ukafa. Akabonyeza tena. Ukafa tena.

"Mgomaji huyu," alisema. "Leo kagoma tangu asubuhi."

Kambi nzima walikuwa wanaziita hivyo, wagomaji. Hita ndogo nyekundu, kila hema moja, na mtungi wake wa gesi, zimeletwa na shirika kwa hotuba na picha. Mtu akiiwasha, inawaka muda wa kupika chai, halafu inazimika yenyewe.

Kambi ilikuwa juu kabisa, kwenye uwanja ambao wakandarasi wa barabara waliuacha walipomaliza kuvunja kokoto. Ukisimama pale unaona mabati ya Izia, mtaa wa mjini, chini, madogo madogo. Ukigeuka upande wa pili na kutembea kidogo unafika ukingoni, ardhi inakatika na kuporomoka hadi bondeni, kwenye joto, kwenye Kaoze. Watu hawa walikuwa wa Kaoze. Maisha yao yote walilala na shuka moja, na hiyo ni kwa ajili ya mbu. Ziwa Rukwa lilipopanda likameza mpunga na nyumba na zizi, wakapakiwa kwenye malori, wakapandishwa mpaka huku ambako upepo wa Ufipa mwezi wa sita unachuna ngozi ya midomo, wakaambiwa washukuru.

Wakashukuru. Sisi kushukuru tunajua. Tulishukuru kwa pampu iliyovunjika mpini kabla mgeni rasmi hajafika kwake. Tulishukuru kwa mbegu zilizofika mvua ikiwa imeaga. Tulishukuru kwa josho ambalo halijawahi kutiwa dawa hata siku moja, na leo mbuzi wanalala ndani yake. Nani atakataa hita?

"Mtoto miguu ya baridi," alisema Epifania. Alikuwa amelala ubavu, kichanga kimebanwa kati ya titi na blanketi. "Mama, shika uone."

Mboje alishika. Alivua kanga yake ya pili, akaiviringisha kwenye miguu ile.

Epifania alikuwa Mfipa wa Mwimbi. Mumewe Ngeleja, mwana wa Mboje, alimkuta huko alipokwenda kununua ndama, akarudi na ndama na mchumba. Binti yao wa kwanza, Lydia, walikuwa wamempeleka huko huko Mwimbi kwa wajomba tangu mafuriko. Huyu wa pili alizaliwa humu humu hemani, hata kitovu kilikuwa hakijadondoka. Na kwa Mboje, mambo ya kitovu hayakuwa na mjadala. Mzazi hatoki. Mlango unafungwa, moto unawaka mchana na usiku, mama na mtoto wanakaa kwenye joto mpaka kitovu kidondoke. Ndivyo alivyomlea Ngeleja na wenzake, na ndivyo yeye alivyolelewa, huko walikotoka na ng'ombe kabla ya kuhamia Rukwa.

"Kule kwetu ningewasha gogo," alisema Mboje. "Moshi ungewatoa machozi, lakini msingesikia baridi."

"Humu turubai linaungua, mayu," Ngeleja alimwambia mama yake. Alikuwa amechuchumaa mlangoni akitia tope kwenye upenyo ambapo hema linakutana na ardhi. "Na mkaa wametukataza. Redioni kila siku, mkaa unaua."

"Mkaa si una moshi wake ule wa ndani. Huu hauna." Mboje aliikazia hita macho, macho mekundu yaliyopikwa na moshi wa samadi na kuni miaka yote ile. "Moto mzuri kabisa huu. Tatizo lake uvivu."

*

Kesho yake Christopha, msimamizi wa kambi, alipita na fundi.

Christopha alikuwa mtu wa mjini, koti la suti juu ya sweta, viatu vimefungwa mifuko ya nailoni kwa sababu ya tope. Fundi alikuwa kijana anayeitwa Zephania, anayetengeneza majiko ya gesi karibu na stendi. Walianzia hema la jirani, la Adolfu, wakaja la Ngeleja.

"Shikamoo bibi," alisema Zephania akiinama kuingia.

"Marahaba. Umekuja kumtibu mgomaji?"

"Anagoma sana?"

"Kama ana chama."

Zephania alicheka, akageuza hita, akafungua kifuniko cha nyuma kwa bisibisi. Alichungulia muda. Epifania alivuta blanketi mpaka shingoni, maana mwanaume asiye wa nyumba ile hakupaswa kumwona.

"Bosi, hii nayo siyo mbovu," alisema Zephania. "Hata ile ya jirani haikuwa mbovu. Ni hiki kijicho hapa. Kinaonja hewa. Hewa ikipungua ndani kinakata gesi. Sasa huku juu hewa yenyewe nyepesi, chenyewe kinadhani watu humu wanakosa pumzi."

"Na wanakosa?"

Zephania aliwatazama. "Si wanapumua."

"Basi kinadanganya," alisema Christopha. "Kitie waya, kisikate tena."

"Ila bosi, kiliwekwa ili..."

"Zephania. Alhamisi anakuja mgeni kutoka Dodoma. Anakuja na kamera. Akifungua hema akakuta mtoto mchanga anatetemeka na hita imekaa kama pambo, unajua atasema nini? Atasema tumekula. Nani amekula? Wewe umekula?"

"Mimi sijala kitu, mshikaji wangu."

"Mshikaji wako yuko stendi. Tia waya."

Zephania alitoa kipande cha waya mfukoni, akakizungusha, akakibana kwa koleo. Akawasha. Moto ukashika, ukatulia, ukaendelea. Mboje alinyoosha mikono yake miwili mbele yake, akafumba macho.

"Mungu akubariki mwanangu," alisema.

"Mkiiwasha muache upenyo kidogo mlangoni," alisema Zephania akifunga kifuniko, sauti imeshuka.

"Upenyo wa nini?" Christopha alikuwa ameshatoka, sasa alirudisha kichwa ndani. "Upepo huu wote? Gesi ya wafadhili ndiyo ipashe milima joto? Fungeni vizuri. Bwana Ngeleja, umeziba vizuri, hongera. Nitawaambia wengine waje waone ulivyoziba."

Na kweli aliwaambia, huku Zephania akipita hema kwa hema akitia waya, akarudia na la Adolfu. Jioni ile watu walikuja kuangalia tope la Ngeleja, wakarudi kwao, wakaziba.

*

Siku ya pili ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukaifunika kambi mchana kweupe, na manyunyu juu yake. Ngeleja alikuwa ameshuka sokoni kubeba magunia. Mle ndani wanawake wawili na mtoto walikuwa kwenye joto kwa mara ya kwanza tangu wapandishwe.

"Sasa ndiyo uzazi huu," alisema Mboje. "Lala mama Lydia. Lala, nitakuamsha umnyonyeshe."

"Kichwa kinanigonga."

"Ni usingizi. Hujalala wiki nzima wewe."

Epifania alilala. Alipofumbua macho alijua anataka kutapika, na akaona aibu kutapikia mkeka wa mkwe. Hiyo aibu ndiyo iliyomwokoa. Alitambaa, akavuta zipu ya mlango mpaka mkono ukapita, halafu kichwa, akatapika kwenye kokoto. Baridi ilimpiga usoni kama kofi la mtu anayempenda. Akabaki hapo, nusu nje nusu ndani, akiita. Aliyesikia ni Fortunata wa hema la nyuma, aliyekuwa anakinga maji ya mvua.

Walimvuta Mboje kwa miguu. Alikuwa anakoroma kwa sauti mbaya, mapovu mdomoni, lakini alikuwa hai. Mtoto walimtoa mwisho.

Alikuwa amekufa, na alikuwa mzuri. Kaoze waliona watoto wengi wakifa, wa malaria, wa kuhara, wanajua mtoto aliyekufa anakuwaje. Huyu mashavu yalikuwa mekundu, midomo myekundu, kama ametoka kunyonya.

"Mbona yuko hivi?" Fortunata aliuliza. Watu walisogea, wakaangalia, wakarudi nyuma.

*

Zahanatini nesi aliyewapokea aliitwa Cornelia. Alimfunika mtoto, akampa Epifania maji, akauliza, "Mliwasha mkaa?"

"Hapana," alisema Epifania. "Ile hita ya gesi."

"Mlifunga?"

"Tulifunga. Walituambia tufunge."

Nesi alikaa kwenye kitanda karibu naye. "Dada, hata gesi. Moto wowote ukifungiwa unakula hewa mliyonayo, halafu unatoa nyingine mbaya, haina harufu wala moshi. Unalala tu. Hizo hita zina kitu cha kuzima, sasa sijui..."

"Kilitiwa waya," alisema Epifania.

Cornelia aligeuka. Mlangoni alikuwa amesimama Christopha, mkono ndani ya koti. "Sista, samahani, nikuone nje kidogo."

Walikaa nje kidogo. Nesi aliporudi hakukaa tena kitandani. Alisema akiangalia dirisha, "Itakuwa ni mkaa. Mara nyingi inakuwa ni mkaa." Kisha, alipokuwa anampa panadol, aliinama akanong'ona haraka, "Usilale na milango imefungwa. Waambie na wengine." Akaondoka na viatu vyake vya raba bila kugeuka.

Mtoto alizikwa jioni, kwenye udongo mgumu pembeni ya kokoto. Hakuwa na jina bado.

*

Msibani watu walikaa kuzunguka moto wa nje. Ndipo maneno yalipoanza. Hayakuanza kwa sauti, maneno haya huwa hayaanzi kwa sauti. Yalianza kwa Adolfu kuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, "Hivi humo ndani walikuwa watatu. Mama kaugua, mtoto kafa. Bibi yeye?"

"Bibi naye aliugua," alisema Fortunata.

"Aliugua, lakini si yuko hapo anakunywa uji?"

Mtu mmoja alikohoa. Mwingine akasema, "Na mtoto alikuwa mwekundu. Damu yote ilikuja juu. Inaitwa na nani damu?"

"Macho yale," alisema Adolfu. "Mimi sisemi kitu. Mimi nasema macho yale mnayaona."

Mboje alisikia. Alijua wimbo huo. Akiwa msichana aliona shangazi yake akikatwa mapanga mlangoni kwa ajili ya macho kama haya, macho ya mwanamke aliyepikia ukoo mzima kwa samadi, na waliomkata walikuwa wameshalishwa na mikono hiyo hiyo. Aliweka bakuli la uji chini. Hakuligusa tena, kwa kuwa hata kunywa uji kumbe ni ushahidi.

Asubuhi yake Christopha alikuja na kilo mbili za sukari za rambirambi, akamwita Ngeleja ndani ya hema. Epifania alikuwa amelala upande wa pazia, Mboje amekaa mlangoni, mlango wazi. Tangu zahanati Epifania alikataa mlango kufungwa, na hita alikuwa ameitoa nje mwenyewe.

"Pole sana ndugu yangu," alisema Christopha. "Nimesikia maneno ya kambini kuhusu mama. Sijayapenda."

"Ni upuuzi," alisema Ngeleja.

"Ni upuuzi. Lakini upuuzi ndiyo unaoua wazee, wewe ni mtu wa kwenu huko, unajua kuliko mimi. Sasa leo mgeni anafika. Atataka kutoa pole, atakupa kipaza sauti. Ukisema ni hita, nani atakuamini? Mahema yote yana hita, zinawaka, watu wako wazima. Watasema mbona ya kwenu tu? Watarudi kwa mama." Akaacha neno likae. "Ila ukisema ni mkaa. Bibi mzee, hakujua, aliwasha mkaa kwa mapenzi ya mjukuu. Hiyo kila mtu anaielewa. Inaitwa bahati mbaya. Uchawi umekwisha hapo hapo."

"Hatukuwasha mkaa," alisema Epifania nyuma ya pazia.

Christopha hakugeuka. "Zile nyumba za matofali mnazojengewa kule chini, za mwanzo zinagawiwa mwezi ujao. Familia iliyofiwa haiwezi kulala tena kwenye hema. Hilo mimi mwenyewe nitalisimamia. Nakuachia ufikirie, bwana."

Alipoondoka, Ngeleja alishika kichwa. "Anatununua."

"Waya aliagiza yeye," alisema Epifania. "Na zipo kwenye kila hema. Baba Lydia, kila hema. Leo ukisema mkaa, usiku watalala wamefunga."

"Na nikisema hita, usiku watakuja kwa mayu."

Upepo ulipiga turubai. Mboje alikuwa anatazama nje, kule kwenye kilima kidogo cha udongo mpya.

"Mimi sijawasha mkaa," alisema polepole. "Mjukuu wangu nilikuwa namshika miguu ili apate joto. Hilo ndilo nililofanya." Akajifuta pua kwa kiganja. "Lakini kama mkaa ni afadhali kuliko uchawi, basi niliuwasha. Sema niliuwasha. Mpate nyumba."

*

Mgeni alifika na magari saba yaliyochafuka tope. Walimpa kiti chenye kitambaa. Alisifu mahema, akasifu subira ya wananchi, kisha akaitwa baba wa marehemu.

Epifania alisikia kutoka ndani, kwa sababu kipaza sauti kilisikika mpaka Izia.

"Mimi naitwa Ngeleja," sauti ya mumewe ilisema, na mashine ikapiga mluzi. "Mama yangu ni mtu mzima. Aliona mtoto anasikia baridi. Akawasha... akawasha jiko la mkaa. Hita tulikuwa tumeizima. Ni hayo tu."

"Mnasikia?" alisema mgeni. "Mnasikia ndugu zangu? Serikali na wafadhili wanaleta nishati safi, isiyo na moshi, sisi tunang'ang'ania mkaa! Bibi, pole sana, hatukulaumu. Lakini kuanzia leo hemani ni hita, na hita tu. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana!"

Walipiga makofi. Makofi, wenzangu, kwa waya.

Baada ya magari kuondoka watu walimfuata Mboje kumshika mkono. Hata Adolfu alikuja. Alimshika kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. "Bibi utusamehe. Shetani alitupitia. Kumbe ilikuwa mkaa tu." Na alimaanisha. Alikuwa mtu aliyetuliwa mzigo, maana hakuna anayefurahia kuishi jirani na mchawi. Alikwenda kwake akiita watoto waingie ndani, maana ukungu ulikuwa umeanza tena kupanda, jua bado liko juu, na manyunyu yalikuwa yanakuja nyuma yake. Hema moja baada ya jingine, zipu zilifungwa. Nyuma ya maturubai ule mwanga mdogo wa bluu ukashika.

Epifania aliinuka. Maziwa yalikuwa yamelowesha gauni. Alichukua kisu cha kukatia mboga.

Mboje alimshika pindo. "Unakwenda wapi? Mama Lydia. Ukisema, wataniua."

"Sisemi kitu, mama. Nafungua milango tu."

Ngeleja alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, sukari ya Christopha miguuni. Hakumzuia. Hakumsindikiza pia.

Alianza na la Fortunata. Alivuta zipu mpaka juu, akakata kamba iliyofunga pazia la ndani. Upepo ukaingia wote.

"Ni nani huyo? We mama, una wazimu? Funga!"

Akaenda la pili. "Funga mlango! Mtoto ana kifua huyu!" La tatu mzee mmoja alimtupia kandambili. La nne mwanamke alitoka na kumsukuma akaanguka kwenye kokoto, akasema kufiwa siyo ruhusa ya kuwaua wenzako kwa baridi. La tano walisema afadhali bibi, kumbe mchawi ndiye huyu, mzazi gani anatoka kabla ya siku zake na kisu mkononi. Nyuma yake alisikia zipu zikifungwa tena moja moja. Zile alizokata kamba zilipepea.

Aliyapokea matusi yote. Kila tusi lilikuwa na pumzi ndani yake. Akisikia "mshenzi", anasema moyoni, huyu mzima, anakwenda la mbele.

La Adolfu lilikuwa la mwisho, kwa kuwa alikuwa ameliogopa. Adolfu aliziba vizuri kuliko wote. Alikuwa ameiga tope la Ngeleja, akaongeza na mawe juu yake, na zipu akaifunga kwa waya kwa ndani. Epifania alipasua turubai kwa kisu, kutoka juu hadi chini. Joto likampiga usoni. Ndani hita ilikuwa inawaka vizuri kabisa, na kando yake, mstari mmoja, blanketi moja, nyuso za Adolfu na mkewe na watoto, nyekundu kama za watu waliotoka shambani.

"Baba Edith," alimwita Adolfu.

Akasubiri atukanwe.

"Baba Edith! Mama Edith! Mimi Epifania, nimewachania hema."

Akasubiri. Hata lile tusi la mchawi, angelipokea.